Pumba Zipi?

Tangu nistaafu na kurudi nyumbani Kilolo, simu yangu huita zaidi saa ya chai, yaani chai ya ofisini, si yangu. Anayepiga ni Neema, mkaguzi kijana aliyerithi meza yangu Mbeya. Hunisalimia vizuri, huuliza habari za maparachichi, kisha sauti inabadilika: "Mzee Kikoti, nina dai hapa la plastiki. Jana nimelitazama nikaona ni jambo la wazi kabisa. Leo nalitazama naona si la wazi. Wewe ulikuwa unafanyaje?" Nimemjibu kwa simu mara nyingi, mpaka nimeona bora niandike, ili yeye na wenzake wasome wenyewe na mimi nipate kupalilia kwa amani. Vyeo nilivyopata na nilivyokosa naviacha. Vimo kwenye faili langu la utumishi na havijawahi kumsaidia mtu yeyote kusoma ombi la hataza.

Kazi nilianzia Mgololo, kwenye maabara ya kiwanda cha karatasi. Siku ya kwanza nilivaa tai. Msimamizi wangu, mzee mmoja wa Kibena asiyependa maneno mengi, aliitazama ile tai, akanipa karatasi mbili za kaki na kuniambia nizichane. Nikazichana. "Moja imechanika imenyooka, nyingine imepinda," akasema. "Kwa nini?" Sikujua. Nilikaa wiki nzima nachana karatasi kama mtu aliyerukwa na akili, mpaka nikatambua kwamba nyuzi za karatasi hulala kufuata upande mashine inakoelekea. Ukichana kuzifuata, mpasuko unanyooka, ukizikatiza, unapinda. Nilipomwambia, alitikisa kichwa kukubali na kunipa kazi nyingine. Miaka tisa niliyokaa pale sikumbuki kusifiwa, ila nilijifunza kushika kitu kwa mikono kabla ya kukitolea maneno. Tai sikuivaa tena mpaka siku ya harusi yangu.

Nilihama kiwandani pale ofisi ya hataza ilipofungua dawati la kanda Mbeya na kutafuta mtu wa kemia asiyeogopa baridi. Nilifika mwezi wa sita. Chumba kilikuwa na meza mbili, kabati la chuma lisilofunga, na hita moja ya umeme iliyokuwa upande wa Bi Zuhura. Yeye ndiye aliyekuwa mkaguzi mkuu. Wazazi wake walikuwa wafanyabiashara wa Mbeya mjini wenye asili ya Pwani. Alizaliwa Mbeya, akasoma Mbeya, akaolewa Mbeya, lakini Kiswahili chake kilikataa katakata kupanda mlima.

Kwa asiyeijua kazi hii, nieleze kidogo. Hataza ni haki anayopewa mvumbuzi kwamba kwa muda fulani hakuna mwingine atakayetengeneza kitu chake bila ruhusa yake. Mwombaji huandika madai, yaani sentensi zinazosema hasa ni nini anachokitaka kiwe chake. Mkaguzi huuliza kama kitu ni kipya na kama kinafaa kwa kazi. Katikati ya hayo mawili kuna swali linalotutoa jasho: je, fundi wa kawaida wa fani hiyo, aliyesoma yote yaliyokwisha kuandikwa, angekiona kitu hiki kuwa cha wazi? Kikiwa cha wazi, mwombaji hapati, hata kama hakuna aliyewahi kukitengeneza.

Huyo fundi wa kawaida hayupo. Ni mtu wa kufikirika tu, lakini sisi tuliishi naye kama mfanyakazi wa tatu. Tulimwita Fundi Kawaida. Amesoma kila kitu, anakumbuka kila kitu, na hajawahi kuwa na wazo lake mwenyewe hata siku moja. "Angefaa sana kuwa mkuu wa idara," Bi Zuhura alipenda kusema, kisha anarudi kwenye faili lake bila kucheka.

Siku yangu ya kwanza alinipa mafaili matatu. Kabla ya saa saba nilikuwa nimeyamaliza, na juu ya yote matatu nimeandika neno moja: wazi. Nilimpelekea nikiwa nimejaa furaha. Aliyasoma, akaegemea kiti.

"Ewe Kikoti, umekula nini leo asubuhi?"

"Chai na mihogo, Bi Zuhura."

"Basi nitaanza kula mihogo. Maana mambo waliyohangaika nayo watu miaka na miaka, wewe umeyaona kabla ya saa saba. Hebu niambie, bwana mdogo, ulianza kusoma wapi?"

"Kwenye madai."

"Naam. Umeanza kwa kuonyeshwa jibu, kisha ukashangaa swali lilivyo jepesi."

Akachukua bahasha ya kaki, akafunika ukurasa wa madai. Akaniambia nisome kwanza shida aliyoieleza mwombaji, kisha nisome yaliyoandikwa na watu wengine kabla yake, kisha nichukue penseli niandike Fundi Kawaida angejaribu nini. Baada ya hapo ndipo nitoe bahasha. Nilifanya hivyo kwa mafaili yale yale matatu. Mawili yalibaki wazi kama mwanzo. La tatu, lililohusu gundi ya mbao, nilijaza karatasi nzima kwa penseli, na nilipotoa bahasha, alichokifanya mwombaji hakikuwemo popote. Niliona aibu, na Bi Zuhura akanisogezea hita.

Vifaa vyetu vilikuwa vya kawaida. Darubini ndogo, mizani, rula, na kiberiti. Kiberiti ndicho nilichokitumia zaidi, kwa sababu mtaani kwetu kila plastiki laini huitwa nailoni. Nailoni ya kufunikia kitalu, nailoni ya kuanikia mpunga, nailoni ya kufungia maandazi. Mwombaji anaandika nailoni na wakili wake anaandika nailoni, lakini nailoni yenyewe haimo. Basi nakata kipande, nakishika kwa koleo dirishani, nakiwasha. Kikinuka kama mshumaa uliozimwa, hiyo ni polithini. Kikinuka nywele zilizoungua, hapo sawa, ni nailoni kweli. Kikikuchoma puani ukatamani kukimbia, ni plastiki ya mabomba, na usiirudie kuiwasha ndani. Bi Zuhura alilalamikia harufu kwa miaka kumi na moja. Alipostaafu alisema atakumbuka kila kitu kwa hamu isipokuwa hiyo.

Kesi nyingi za plastiki ni nyepesi kuliko zinavyoonekana. Mtu anakuja na karatasi ya kufunikia vitalu vya miche, wenzake wametia chaki robo, yeye ametia chaki theluthi, anasema ni uvumbuzi. Namuuliza, hiyo theluthi imeleta nini ambacho robo haikuleta? Akisema imekuwa nyeupe zaidi, nampa pole. Kuongeza kidogo na kupunguza kidogo ndiyo kazi ya kila siku ya Fundi Kawaida, halipwi kwa lingine. Lakini akisema kwamba kila aliyezidisha chaki alipata plastiki inayokatika, naye amezidisha ikawa ngumu mara mbili, hapo nakaa vizuri kitini. Kitu kilichokwenda kinyume na walivyotarajia wajuzi ndicho cha kutafutwa.

Sasa niseme kesi ambayo Neema ameisikia vipande vipande, na vipande vyenyewe vimenisifu kuliko ninavyostahili.

Ombi lilitoka Ubaruku, kule Mbarali, kwa mama mmoja aitwaye Tusajigwe, mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Shida aliyoieleza niliijua. Wakulima wa Mbarali huanika mpunga juu ya karatasi za plastiki, na jua la kule huzifanya zikauke na kupasuka kabla msimu haujaisha. Mpunga unamwagika kwenye mchanga, na mchanga unaingia kwenye wali wa watu. Nikafunika madai kwa bahasha kama nilivyofunzwa, nikaanza kutafuta yaliyotangulia.

Nikapata maandiko mawili. La kwanza lilitoka nje, likasema majivu ya maganda ya mpunga yanaweza kuchanganywa na polithini kuiongezea nguvu, lakini yachomwe mpaka yawe meupe kabisa, kwa sababu majivu meusi huifanya ipasuke. La pili lilikuwa ripoti fupi ya Kiswahili, iliyoandikwa na bwana shamba mmoja wa Mbarali. Ilisema hivi: majivu na pumba viliongezwa kwenye nailoni iliyoyeyushwa, ikapatikana karatasi nzito iliyofaa kuanikia.

Nikaandika kwa penseli, nikatoa bahasha. Tusajigwe alikuwa akidai polithini yenye majivu meusi yaliyokaangwa kwanza pamoja na pumba laini za mpunga, zile zenye mafuta, mpaka mafuta yakaingia kwenye majivu. Moyo ukaniambia, basi, imekwisha. Bwana shamba alishatia majivu na pumba. Fundi Kawaida angeisoma ripoti ile, akatwaa pumba zake, akaange au asikaange. Nikaandika rasimu ya kukataa, kurasa mbili safi. Kwa utaratibu, mwombaji hupelekewa rasimu ajibu kabla ya uamuzi. Tusajigwe alijibu kwa mstari mmoja: "Mzee naomba uje uone, kwa barua sitaweza."

Kulikuwa na haraka kidogo. Baada ya kuwasilisha ombi, mama huyu alipeleka kipande kwenye kiwanda kimoja cha plastiki awaombe wamtengenezee kwa mashine zao kubwa. Walikipokea, wakakipima, wakanyamaza, kisha wakaleta pingamizi ofisini kwetu wakisema hataza isitolewe. Maana yake ilikuwa rahisi: nikikataa, kesho yake wanakitengeneza wao, na Tusajigwe atakinunua dukani kama watu wengine.

Nikaenda Ubaruku. Nilimkuta nje ya mashine, mama wa makamo, kitambaa kichwani, nyusi zimejaa vumbi la mpunga. Alinikaribisha kwa heshima, akanipa kiti na soda, nami nikaingia kwenye mada kabla ya kuimaliza soda.

"Mama, kazi yako ni nzuri. Tatizo ni kwamba pumba zilishatumika kabla yako. Imeandikwa."

"Pumba zipi, mzee?"

"Pumba. Hizi za kulishia nguruwe."

Alinitazama, kisha akawatazama wanawake wawili waliokuwa wakipepeta karibu. Mmoja akaziba mdomo kwa kanga.

"Nguruwe?" akasema Tusajigwe. "Mzee, kwani wewe kwenu wapi?"

"Kilolo."

"Aaa. Wahehe. Kwenu pumba ni za mahindi." Akainuka, akaenda nyuma ya mashine, akarudi na viganja viwili vimejaa. "Huku kwetu ukisema pumba ni hii hapa. Tunachomea matofali. Nguruwe akila hii atakohoa mpaka afe."

Yalikuwa maganda makavu ya mpunga, magumu, yanachoma kiganja. Halafu akanionyesha rundo jingine, unga wa rangi ya udongo, laini, unaoteleza vidoleni. "Na hii tunaita pumba laini. Lazima useme laini. Usiposema laini utaletewa ile."

Nilikaa na ile soda mkononi. Nyumbani kwetu, tangu nikiwa mtoto, pumba ni kile chakula laini cha mifugo kinachobaki mahindi yakikobolewa. Sikuwahi kujiuliza kama neno hilo lina maana nyingine mahali pengine. Nilikuwa nimesoma ripoti ya Ubaruku kwa Kiswahili cha Kilolo, na kwa neno moja nilikuwa karibu kumnyang'anya mtu kazi yake. Nasema bila kuzunguka, nilijisikia vibaya sana. Mtu aliyekesha akikariri majina ya plastiki kwa lugha za wenzetu ameangushwa na pumba.

Sikutosheka na maneno yake peke yake, maana yeye ndiye mwombaji. Nikamtafuta kwa simu yule bwana shamba, aliyekuwa amestaafu na kuhamia Rujewa. Nilimuuliza pumba alizotia zilikuwa zipi.

"Si ni pumba tu," akajibu. "Maganda. Nilisaga maganda nikatia. Kwani kuna nini?"

"Laini hukutia?"

"Laini nitie ya nini, inaoza! Ile nikiipata nawapa kuku."

Basi ripoti ile ikawa imebaki na maganda na majivu yake, bila tone la mafuta. Kabla sijaondoka Ubaruku nilimuuliza Tusajigwe wazo alilipata wapi. Akanipeleka chini ya mdomo wa mashine, upande wa nje unaopigwa na jua. Palikuwa na kipande cha karatasi ya kuanikia alichokitandika zamani kuzuia unga usimwagike. Moshi wa maganda yanayoungua ulikipaka masizi kila siku, na pumba laini zilikipaka mafuta. Karatasi nyingine zote za umri wake zilikwisha kuwa vipande. Hiki ukikivuta kinavutika. Alikiangalia misimu miwili kabla ya kuthubutu kuchukua sufuria. Nikawasha kiberiti, nikanusa. Mshumaa, na kwa mbali harufu ya mafuta ya kupikia.

Ikabaki pingamizi. Siku ya kusikilizwa, kiwanda kilimleta wakili kijana, nadhifu, mwenye adabu. Hakugusa ripoti kabisa. Alikuwa na hoja nyingine, na ilikuwa nzuri.

"Mheshimiwa mkaguzi, mashine yoyote ya Ubaruku ina marundo mawili nje ya mlango. Huku majivu meusi, kule pumba laini. Hatua kumi hazifiki. Mama yeyote anayepepeta pale angeweza kuchanganya. Hiki kisipokuwa cha wazi, ni kipi kitakuwa cha wazi?"

Nikamgeukia Tusajigwe. Alikuwa ameinamia mikono yake.

"Una la kujibu, mama?"

"Labda ni kweli," akasema taratibu. "Mimi sikusoma. Na vitu vyote vilikuwa pale pale. Sikuvitoa mbali."

Kwa sauti ile aliyoisema nikajua kwamba hakuwa anashindwa hoja tu. Alikuwa ameanza kuamini kwamba hakufanya kitu. Nikakasirika, na sehemu ya hasira ilinihusu mwenyewe, kwa sababu miezi mitatu kabla mimi ndiye niliyemwandikia karibu maneno hayo hayo kwenye karatasi yenye nembo. Nikamgeukia wakili.

"Wakili, marundo hayo yamekaa hapo tangu lini?"

"Tangu mashine zifike, nadhani."

"Na karatasi za kuanikia zinapasuka tangu lini?"

"Tangu zianze kutumika."

"Kiwanda chenu ndicho kinachoziuza?"

"Ndiyo, mheshimiwa, miongoni mwa wengine."

"Wateja wa Ubaruku waliwahi kulalamika?"

Akafungua faili lake, akalifunga. "Walilalamika."

"Mna wakemia?"

"Watatu."

"Walijaribu nini?"

Alikuwa mkweli, na hilo nampa. "Waliongeza unene."

"Zikaacha kupasuka?"

"Hapana. Zikawa nzito."

Karani wetu alikohoa ili asicheke. Nikasema sina swali lingine. Marundo mawili yalikaa hatua kumi, watu wote wakiyapita kila siku, shida ikiwasumbua wote, wenye vyeti na wasio na vyeti, na vitabu vikisema majivu meusi yanapasua. Kukaribiana kwa marundo hakukuwa ushahidi dhidi ya mama yule. Kulikuwa upande wake, kwa sababu kitu kilichokuwa karibu na kila mtu kiasi hicho kingeshafanywa kama kingekuwa cha wazi.

Uamuzi niliuandika siku nne. Dai moja nililikata, kwa sababu humo alitaka majivu ya aina yoyote, na hayo hakuyajaribu; nikambakishia majivu meusi ya maganda yaliyokaangwa na pumba laini, ambayo aliyajaribu mpaka mikono ikapata malengelenge. Mengine nikayakubali. Kwenye ukurasa wa tatu niliandika kwamba rasimu ya kwanza ilikosea kwa sababu mkaguzi alielewa neno pumba kwa matumizi ya kwao badala ya matumizi ya mahali ripoti ilipoandikwa. Mkuu wa idara aliniuliza kama kulikuwa na ulazima wa kuliweka hilo kwenye kumbukumbu. Nikamwambia upo, maana baada yangu atakuja mtu wa Rungwe au wa Makete na neno lake. Ukurasa huo sasa vijana wanautoa nakala na kuucheka. Wanasema mzee Kikoti ndiye mtu pekee ofisini aliyewahi kukiri kwa maandishi kwamba aliandika pumba. Na wacheke, ilimradi wanausoma.

Barua ya hataza hupelekwa kwa posta, lakini hiyo sikuisubiri posta. Nilimpigia Tusajigwe mwenyewe. Mashine ilikuwa inanguruma nyuma yake, ikabidi nirudie mara mbili.

"Imekubaliwa, mama! Hataza imetoka kwa jina lako!"

Nilitegemea vigelegele. Badala yake nikasikia akimwambia mtu azime mashine, na ule mngurumo ukashuka polepole mpaka pakawa kimya.

"Mzee, nikuulize. Umekubali kwa kunihurumia, kwa sababu ya ile pumba?"

"Hapana."

"Maana yule wakili alisema kila mtu angejua. Nilirudi hapa nikawauliza wenzangu, nao wakasema, kweli, mbona kitu chenyewe rahisi. Hata mimi sasa nikikitazama nakiona rahisi. Nimekuwa silali, nafikiri labda nilidanganya watu wa serikali."

"Kabla hujawaonyesha, kuna yeyote kati yao aliyekifanya?"

 

"Hakuna."

"Wakemia watatu wa kiwandani?"

"Hakuna."

"Basi nani alikifanya?"

 Nikasikia sauti za wanawake wakiuliza kulikoni, mbona mashine imezimwa, naye akiwanyamazisha.

"Ni mimi," akasema. Kisha akarudia kwa nguvu, nadhani akiwa amewageukia wao: "Ni mimi!"